Uzi Mwekundu Juu ya Boneti

Mmewahi kumwona mtu mzima, mvi kichwani na meno ya bandia mdomoni, akilipepea gari kwa mfuniko wa sufuria? Mimi nimemwona, na ndiye babu yenu. Mfuniko wenyewe ulikuwa wangu.

Gari hilo alilichomelea mwenyewe uani, miaka miwili, baada ya kustaafu kazi ya karakana. Fupi, jekundu, viti viwili, halina paa, na kelele zake ziliamsha hata wasio na haja ya kuamka. Mbio lilikuwa nazo. Shida ilikuwa joto: likipanda kilima cha zahanati, mshale wa joto unaruka kwenye alama nyekundu, maji yanachemka, na babu yenu anashuka na mfuniko wangu.

Injini ilikuwa ya mdogo wake, shemeji yangu, fundi wa friji. Aliitoa kwa sharti: likichemka mara tatu kilimani, injini inarudi kwake, aifunge kwenye pampu ya kisima. Na kwa kuwa kazi yake ni baridi, alijiona tabibu wa joto lote duniani. Kila jioni alikuja kunywa chai yetu na kuulizia hali ya pampu yake.

Lilipochemka mara ya kwanza, babu yenu alisafisha rejeta, ile ya mbele inayopoza maji, akabadilisha feni, kisha akatoboa boneti, tundu pana kama sahani, karibu kabisa na kioo cha mbele, eti joto litoke. Alilipiga msasa siku tatu. Likapendeza kweli, na gari likachemka mara ya pili.

Mimi nilikuwa na langu moyoni tangu siku ya kwanza. Nilitaka kuliendesha. Leseni ninayo, naitunza kwenye kopo la vifungo, lakini alivyoukumbatia ule usukani ungedhani ameoa mke wa pili. Boneti ilikuwa bapa na pana kuliko meza yangu, basi nikaigeuza meza ya kukatia nguo.

Asubuhi moja, nikiwa nimetoka kukata sare za shule pale juu, tulikwenda dukani kununua misumari. Kipande cha uzi kilikuwa kimenasa mbele kidogo ya tundu. Tulipopata mwendo kikanyooka, kikatambaa, kikazama ndani. Nikakodoa macho. Kama joto linatokea pale, si uzi ungerushwa juu? Huu ulikuwa umemezwa.

Nilimwambia babu yenu asimame. Akanung'unika kuhusu wanawake na nyuzi zao. Sikubishana, nilibandika nyuzi nane nyekundu kwa utepe, nne kulizunguka tundu, nne mbele ya boneti, nyuma tu ya rejeta, tukarudi barabarani. Zile za karibu na kioo zikaingia zote. Upepo ulikuwa unagonga kioo na kujisukumia tunduni, humo unakutana na joto linalotaka kutoka, wanabanana mlangoni, hakuna anayempisha mwenzake. Zile za mbele zilinyanyuka zikicheza, kama zinavutwa juu; hapo ndipo joto lingepata njia ya kutoka.

Babu yenu alizitazama, akasema wazo hilo alikuwa nalo tangu jana.

Akaliziba tundu lake la siku tatu kwa bati, akiguna kama aliyefiwa, akakata jingine nyuma ya rejeta. Mimi nikaziba mianya pembeni mwa rejeta kwa mpira wa mlango wa friji, ili upepo usipite kando bila kufanya kazi.

Jumamosi shemeji alitutangulia kileleni kwa baiskeli, ovaroli mwilini, spana kwenye mfuko wa paja. Tukapanda. Mimi niliutazama mshale, babu yenu akanitazama mimi, maana aliogopa kuutazama. Ukapanda, ukafika katikati, ukatetemeka, ukatulia.

Kileleni shemeji, spana tayari mkononi, aliigusa boneti, akainama, akanusa. Mwisho akauliza ule mpira umetoka wapi. Nikamwambia kwenye ile friji mbovu aliyoiacha uani kwetu tangu mwaka juzi. Spana ikarudi mfukoni.

Babu yenu akaanza kumweleza jinsi alivyougundua ujanja wa upepo. Nilimwacha afike nusu. Kisha nikashuka, nikazunguka hadi mlangoni kwake, nikaufungua.

"Mzee, hamia kule," nikamwambia. "Kurudi naendesha mimi. Nimelitaka hili tangu siku ya kwanza."