Nusu Kidonge

Mwelekezi wa filamu alituketisha mbele ya kompyuta, mimi na binti wa marehemu dada yangu, tuitazame kazi yake kabla haijatoka. Filamu yenyewe ilituhusu sisi: wenye virusi vya UKIMWI tulioandamana kudai dawa wakati wakubwa wanatuambia tuwe na subira, huku tukizika kila Jumamosi. Bila saini yangu asingeionyesha popote.

Nilijiona nikipiga kelele kwenye geti la wizara, nimekonda mpaka sketi imefungwa kwa pini, lakini mdomo ule ule. Nikacheka. Binti naye akacheka.

Kisha ikaja meza yetu ya jikoni. Nakata vidonge kwa wembe, dada anaokota unga kwa ncha ya kidole na kuulamba. Wakati ule hospitali ilikuwa na dawa za watu wachache, wakachagua wagonjwa kwa bahati nasibu. Jina langu lilitoka, la dada halikutoka. Basi kila asubuhi nusu yangu, nusu yake. Kikundini wengi tulifanya hivyo, na tuliona ndio utu wenyewe.

"Hapa ndipo watu watalia," mwelekezi akasema. "Upendo wa dada wawili."

Upendo! Nilitamani kumzaba kibao, na wala kosa halikuwa lake.

Picha iliyofuata ilikuwa ya siku ya ushindi. Serikali imesalimu amri, dawa kwa wote. Dada anatoka kwenye foleni na chupa yake mwenyewe, imejaa, anaitikisa mbele ya kamera.

Binti akasimamisha picha. "Mama mdogo, si uliniambia mama alikufa kabla dawa hazijafika?"

Miaka kumi na tisa nimemlisha uongo huo. Nilishasahau kwamba siku ile kamera ilikuwepo.

"Zilifika," nikasema. "Hazikumsaidia. Ukimeza nusu, virusi havizimiki, vinaizoea dawa. Vikishaizoea, hata umeze chupa nzima ni kama unatafuna chaki. Hayo daktari alikuja kutuambia baadaye. Dawa za aina nyingine zilichelewa mwaka mzima. Mimi zilinikuta hai. Yeye tulikuwa tumeshamzika."

Mwelekezi alikuwa ameinamisha kichwa. "Mama, tunaweza kukata hiyo sehemu ya jikoni."

"Usikate," binti akasema. Hakuniangalia. Alikuwa anamtazama mama yake kwenye kioo. "Wazo lilikuwa la nani?"

Ningeweza kusema la kikundi, na hakuna aliyebaki hai wa kunibishia. Lakini nilikuwa nimechoka.

"Langu. Mama yako alikataa siku tatu. Alisema nimeze mimi, abaki japo mmoja wa kukulea. Siku ya nne nikakuchukua, nikakuweka mapajani mwake, nikamwambia ameze kwa ajili yako. Akameza."