Chungu Kimoja, Vijiko Vinne

Jumapili ile baada ya ibada, Se-ra alitoa kwenye mfuko wake vibakuli vinne vidogo na upawa, akavipanga mezani kwa mama mkwe wake, Ok-bun. Chungu cha mchuzi wa soya kilikuwa katikati ya meza kama kawaida, kinatokota, vipande vya tofu vinacheza juu. Ok-bun alivitazama vile vibakuli, akamtazama mkwewe, kisha akakitazama tena chungu chake.

"Leo tuna wageni?" akauliza mwishowe.

"Hapana, mama."

"Basi hivi vya nani?"

Se-ra akamtupia mumewe jicho. Tae-gyu, mtoto pekee wa Ok-bun aliyebaki hai, alijifanya ana kazi kubwa ya kulinganisha vijiti vyake vya kulia.

"Sema wewe, baba Yu-dam," Se-ra akamwambia. "Mama ni wako na tumbo ni lako."

Ndipo Tae-gyu akasema. Kazini walipimwa afya kama kila mwaka, yeye akaingizwa kamera tumboni, akakutwa na mdudu. Si mnyoo, ni bakteria, wa kuonekana kwa mashine tu. Alikuwa amekwisha kunywa dawa na mdudu amekufa. Lakini daktari anataka wote wanaokula naye wapimwe, na kabla ya hapo kila mtu ale kwenye bakuli lake.

"Mimi nipimwe?" Ok-bun akacheka kidogo. "Kwa kitunguu saumu ninachokula, na pilipili hii? Mdudu akiingia kwangu atatoka analia."

Yu-dam, mjukuu wake wa miaka saba, alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akafanya alivyozoea kila Jumapili: akajongea, akafungua mdomo kama kifaranga. Ok-bun akachota kwenye chungu, akapuliza, akaugusisha mchuzi kwenye midomo yake kupima moto, akapeleka kijiko kwa mtoto.

Mkono wa Se-ra ukaingia katikati.

"Mama, naomba."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali, Ok-bun angejua la kumjibu. Alikirudisha kijiko, akajaziwa bakuli, akala. Chakula hakikuwa na ladha yoyote.

Kwa lugha yao ya Kikorea jamaa wa nyumba moja huitwa sikgu, yaani vinywa vinavyokula pamoja. Tangu alipoolewa katika nyumba ile nyuma ya soko, chungu kilikuwa kimoja. Marehemu mumewe alichovya wa kwanza, yeye akafuata, kisha mtoto. Mwenye kujaziwa bakuli pembeni ni mgeni au mgonjwa. Na mumewe, alipokuwa mgonjwa kweli, alikataa bakuli la pembeni hadi mwisho. Alikufa kwa saratani ya tumbo. Siku aliyokubali kusema kwamba linamuuma, madaktari walimfungua, wakaona wamechelewa, wakamfunga.

Wiki zikapita. Kila Jumapili wakaja na vibakuli vyao, na kila Jumapili Ok-bun akasema atapimwa, ngoja kwanza baridi ipungue, ngoja kwanza tumalize kuvundika kimchi ya kanisa, zile mboga za chumvi na pilipili. Mambo hayafichiki kanisani. Jikoni, wakikatakata figili, mwenzake Kkeut-sun akamchokoza:

"Nasikia siku hizi unakula kama balozi, bakuli lako peke yako."

"Kata figili, wewe."

"Nakata, mheshimiwa."

Ok-bun alicheka na wenzake, ila moyoni hakucheka. Hakuogopa kupimwa. Alikuwa amezaa watoto na kuzika, sindano isingemtisha. Kilichomkalia rohoni ni kingine. Tae-gyu alipokuwa hana meno, alimlisha kama mama mkwe wake alivyomwonyesha, na kama wanawake wote wa mtaa walivyofanya: alitafuna wali na samaki, akavitoa mdomoni, akamtia mtoto kinywani. Sasa kama mdudu yumo tumboni mwake, basi njia aliyopitia kuingia kwa Tae-gyu inajulikana. Na kama alitoka kwake kwenda kwa mumewe pia, akamletea ile saratani? Alipofika hapo mawazo yake yalisimama. Alfajiri, kanisani, aliomba juu ya kila jambo isipokuwa hilo.

Mambo yalibadilika siku Tae-gyu alipokuja peke yake, siku ya kazi, akakaa bila kuvua koti.

"Mama, nisindikize hospitali. Nataka usikie mwenyewe, mimi siwezi kueleza."

Daktari alikuwa mwanamke kijana, Dokta Pyo, mwenye sauti ya kutuliza watoto. Aliwaonyesha picha ya ukuta wa tumbo la Tae-gyu, mwekundu wenye mabaka.

"Mdudu hayupo tena," alisema. "Ila aliishi humu miaka mingi, na ameacha kitu. Mama, kila chembe ya mwili ina maagizo ndani yake, tunayaita jeni. Mengine yamewashwa, mengine yamezimwa. Yapo ambayo kazi yake ni ulinzi: chembe ikianza kukua ovyo, yanaizuia. Mdudu huyu anauchokoza ukuta, ukuta unavimba mwaka hadi mwaka, na katika ule uvimbe baadhi ya jeni za ulinzi zinazimwa."

"Zinakufa?"

"Hazifi. Maandishi yake ni yale yale, hakuna herufi iliyofutika. Ni kama zimewekewa alama ya kuziambia zinyamaze."

"Zimelala," akasema Ok-bun.

Daktari akafikiri. "Tuseme zimelala."

"Na mdudu akishakufa, si zinaamka?"

"Nyingine ndiyo. Nyingine zinabaki vilevile. Ndiyo maana kila mwaka lazima nimwangalie Tae-gyu. Si kwamba ana saratani. Hana. Ila walinzi wake wamepungua."

Tae-gyu alikuwa anatazama sakafu. Ok-bun aliona jinsi shingo yake ilivyokuwa nyembamba juu ya kola, kama ya baba yake.

"Daktari," akasema, "mdudu huyu mtu anamwokota lini?"

"Mara nyingi utotoni, nyumbani. Mtu mzima ni nadra."

"Mtoto wa miaka saba?"

"Huyo bado yuko hatarini."

Ok-bun alikuwa ameandaa swali jingine, lile la wali uliotafunwa. Alilitafuta mdomoni akaona si lake la kuuliza tena. Kama ni yeye, kama ni marehemu, kama ni maji ya kisima cha zamani, hakuna kamera ingemwonyesha hilo. Lakini Yu-dam alikuwepo, na Jumapili ilikuwa karibu.

"Nipime," akasema. "Leo hii, kabla sijabadili mawazo."

Akapuliza pumzi yake kwenye mfuko kama anapuliza puto la sikukuu. Majibu yakatoka: mdudu alikuwemo.

Dawa zilikuwa za wiki mbili, na zilimtia kinywani ladha ya chuma, kama amenyonya funguo. Ulimi ukaanza kumdanganya. Zamu yake ya kupika chakula cha kanisa ilipofika aliuonja mchuzi, akaona hauna chumvi, akaongeza, akaonja, akaongeza tena. Mchungaji alikula kijiko kimoja, akanywa maji, akasema Bwana ashukuriwe. Kkeut-sun hakuwa na adabu hiyo.

"Ok-bun! Umetupikia au umetuvundika?"

"Ni dawa."

"Sisi hatuumwi, mbona umetunywesha?"

Dawa zilipokwisha alipimwa tena, mdudu akawa hayupo. Yu-dam na mama yake nao walipimwa pumzi, wakakutwa salama, hawajaguswa. Siku ile Se-ra alilia kwenye veranda ya hospitali, uso ukutani, na Ok-bun akamshika mgongo. Lakini na yeye Ok-bun alikuwa ameingizwa kamera, na kipande cha ukuta wake kilichunguzwa. Walinzi waliolala kwake walikuwa wengi kuliko wa mwanawe. Hayo aliyapokea kwa utulivu. Umri wake ulikuwa umekwenda. Kilichomnyima raha ni wale wa Tae-gyu, maana mwanawe alikuwa na njia ndefu ya kwenda na walinzi wachache.

Ndipo alipoanza kuomba juu ya jambo lile. Kila alfajiri, mikono juu ya mto wa sakafuni, hakuomba kusamehewa wala kuelezwa. Aliomba neno moja tu: Bwana, waamshe. Akitoka nje kwenye baridi, hakujua kama wameamka. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yake, kwamba jibu lingekuja kidogokidogo, mwaka kwa mwaka, kwa kamera.

Jumapili iliyofuata Se-ra hakuja na mfuko. Alikaa mezani mikono mitupu, uso umechangamka.

"Mama, sasa wote tuko safi. Tule kama zamani."

Ok-bun aliinuka, akaenda kabatini. Akarudi na vibakuli vyake mwenyewe, vya udongo, vilivyokuwa vimefungwa tangu harusi yake kwa ajili ya wageni wa heshima, na upawa mpya wa mti. Akamjazia kila mmoja. Yu-dam akajongea, akafungua mdomo. Bibi yake akamwekea kijiko mkononi, akamfunga vidole juu yake.

"Pulizia mwenyewe. Una mapafu."

Mtoto alinuna kidogo, kisha akapuliza mpaka mchuzi ukamrukia mama yake.

Tae-gyu, kwa mazoea ya tangu utoto, akanyoosha kijiko chake kwenye chungu. Upawa ukamgonga kidole.

"Ah, mama! Kwani sisi ni wageni hapa?"

"Ndiyo," Ok-bun akasema. "Wewe ni mgeni wangu. Kula kwenye bakuli lako, kisha usiondoke haraka."

Tae-gyu akacheka. Mkono wake mwingine ulikuwa chini ya meza, umelala juu ya tumbo, na Ok-bun, aliyekuwa anatazama, akamwongezea mchuzi.