Mvuke wa Makapi

Asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya vilima vya rasi ya Ubwari, lundo la makapi lilikuwa linapumua. Sina neno jingine. Makapi ya mpunga na nyuzi za ngazi, matunda ya mchikichi, zilizokwisha kukamuliwa mawese yalirundikwa chini ya bati bovu, nyuma ya mtambo wa umeme wa Baraka. Mvua iliyadondokea, nayo yakapata joto yenyewe bila moto. Ukilichoma lundo kwa beleshi, mvuke mweupe ulitoka polepole ukachanganyika na ukungu wa ziwa, na waliokuwa wakiligeuza wakaonekana hawana miguu, viwiliwili tu vinavyoelea.

Suzanne aliupenda mvuke huo. Alikuwa mama wa Kibembe, mwenye mikono mipana na huruma isiyokubali kukataliwa. Ukimwambia kichwa kinakuuma, kabla hujamaliza amekwisha kukufunga jani. Yeye na wenzake waligeuza makapi na kuyapeleka kwenye tanuru la mtambo kwa mikokoteni. Kando yake aligeuza Goreth, Mrundi aliyekimbilia upande huu wa ziwa akiwa msichana. Goreth hakuwa na ndugu hapa, basi Suzanne akajitwika udugu bila kuombwa.

Goreth alipoanza kukohoa, kikohozi kikavu, na jioni homa na baridi ya kuingia mifupani, Suzanne hakwenda mbali kutafuta dawa. Nani katika Baraka asiyejua kujifukiza? Unachemsha majani ya mkaratusi, unainama juu ya sufuria, unafunikwa kwa kikwembe cha kitenge, unatoka jasho, unapona. Na hapa Mungu mwenyewe alikuwa ameinjika sufuria kubwa, bila kuni.

"Kuya hapa, mudogo wangu," akamwambia. "Inama. Vuta yote, usiogope."

Alichimba shimo ubavuni mwa lundo, akamwinamisha Goreth, akamfunika kwa kikwembe chake cha njano na kuzishika pindo ili mvuke usitoroke. Mwenyewe akasimama nje, upande unakotoka upepo wa ziwa, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo. Ikawa desturi ya kila asubuhi.

Goreth naye akaupenda mvuke kuliko yeye. Ndani ya kikwembe, katika joto lile lenye harufu ya pombe iliyochacha, mabaki ya homa ya jana yakiwa bado yanacheza kichwani, aliona mambo.

"Yaya, nimemuona mama," alimwambia dada yake huyo siku moja akitoka, uso unang'aa jasho. "Iko napepeta muchele. Makapi iko naruka, nyeupe, inamufunika kichwa yote."

"Alikuambia nini?"

"Hakusema kitu. Iko naniangalia tu."

Mama yake Goreth alibaki Burundi, akafa huko, akazikwa mtoto wake asiwepo. Suzanne aligeuka pembeni akafuta machozi kwa kiganja chenye vumbi. Tangu siku hiyo alizishika pindo za kikwembe kwa adabu, kama mtu aliyewekwa kulinda mlango wa wawili wanaoongea.

Lakini Goreth alikuwa anaisha. Akipanda kamwinuko ka sokoni alisimama kila mara, mkono kiunoni, akijifanya anatazama vitambaa. Suzanne akaongeza dawa, akamfunika kwa muda mrefu zaidi. Dawa ya moto ni moto, alisema, na nani angebishana na Suzanne?

Kisha mtambo ukaharibika. Taa za Baraka zikazimika, na wafanyakazi wakatumwa nyumbani kungoja kipuri kutoka Uvira. Goreth alilala, akala ugali na dagaa wa ndakala, na homa ikaondoka yenyewe. Akawa anatwanga sombe, majani ya muhogo, huku anacheka. Suzanne akashukuru, akawafundisha na wenzake waliokohoa: kumbe kujifukiza kumefanya kazi!

Kipuri kilipofika, walilikuta lundo limelowa na kuota kitu cheupe kama unga wa muhogo. Goreth hakungoja kuinamishwa. Alikuwa amemkosa mama yake siku nyingi, akachimba shimo kwa mikono yake, akajifunika. Jioni hiyo Suzanne alimkuta amejikunyata mlangoni pake, midomo rangi ya majivu, anavuta pumzi kwa mabega. Wakampakia kwenye pikipiki hadi kituo cha afya.

Muganga alikuwa mama mmoja mpole, Aline. Alimsikiliza Goreth mgongoni kwa muda mrefu, kisha akauliza: kazi gani, homa inakuja lini, inaondoka lini? Suzanne alijibu yote yeye, tena kwa fahari kidogo, mpaka akafika kwenye kikwembe.

Aline akavitoa vyombo masikioni.

"Mama Suzanne, ile makapi imeoza. Iko na kuvu, tududu tudogo macho haiwezi kuona. Ile vumbi na ile mvuke njo inabeba ile tududu mpaka mu mapafu. Ulikuwa unamufunika pamoja na ugonjwa."

"Lakini mi sina kikohozi!"

"Ni kwa sababu we ulikuwa inje ya kikwembe."

Suzanne akaketi sakafuni. Wema hauozi, husema watu. Labda wao hawajauweka chini ya bati linalovuja. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona hofu, kwani Aline alikuwa anaendelea kusema: dawa atapewa, lakini asilikaribie tena lile lundo, la sivyo mapafu yatakakamaa na safari nyingine hatafika hapa.

Goreth aligeukia ukuta. "Na mama nitamuona wapi?" aliuliza.

Asubuhi Suzanne aliwahi kazini kuwaonya wenzake. Mvuke ulikuwa mzito, na ndani yake, kando ya lundo, aliona vikwembe: cha kijani, cha buluu, chekundu chenye ndege, kila kimoja kimemfunika mtu aliyeinama, vimetulia kama waumini kwenye sala. Chini yavyo watu walikuwa wanakohoa. Suzanne akakivuta cha kwanza.

Wilfried, msukuma mkokoteni, akainuka macho mekundu. "Yaya, juu ya nini? Ni we ulitufundisha!"

"Ndiyo. Ni mi," alisema Suzanne, akavuta cha pili. "Tokeni! Hii haiko dawa, iko naua!" Mmoja akamtukana, mwingine akang'ang'ania pindo zake akilia. Alivivuta vyote.

Baadaye alimpeleka Goreth kijijini Lweba, kwa dada yake mwenyewe, mbali na vumbi. Huko, rasi ya Ubwari haizibi ziwa lote, na asubuhi moja hewa ilitakata mpaka ng'ambo. Walikaa mchangani. Milima ya Burundi ilikuwa pale, myembamba, ya buluu.

"Ni kule," alisema Goreth. Alitazama sana, akipumua taratibu, bila kukohoa. "Mama haonekane."

"Haonekane," alisema Suzanne.

Upepo wa ziwa ukaja na baridi. "Nifunike, yaya," alisema Goreth.

Suzanne alikifungua kikwembe cha njano. Alikuwa amekifua kwa sabuni na kukianika juani tena na tena, lakini mikono ikakataa kumfunika. Akakiweka chini, akahamia upande unakotoka upepo, akamkumbatia.