Salvatory Alivuta Mguu

"Moja, mbili, tatu," Mahona alihesabu, na yeye na mama yake wakamgeuza Salvatory kwa pamoja, mabega na nyonga, kama gogo, jinsi Sista Felisita, muuguzi wa wodi, alivyowafundisha. Kila baada ya saa mbili lazima ageuzwe, la sivyo ngozi inaoza. Ilikuwa siku ya tano. Mahona akafuta mkojo ambao mdogo wake hakujua kuwa umetoka. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, lakini huyu alikuwa hai, kijana wa miaka ishirini na sita, na alikuwa ameyakaza macho darini asije akaonana na kaka yake.

Vidole vya mguu wake wa kulia vilikuwa vimefungwa bendeji. Mahona hakupenda kuvitazama.

Siku hiyo daktari bingwa wa mifupa alikuwa amekuja Bariadi, kama anavyokuja mara moja kwa mwezi. Akainua picha ya eksirei dirishani, akaitazama pingili ya mgongo iliyopasuka. Akamchoma Salvatory miguuni kwa pini, taratibu, akipanda juu. Salvatory akasikia mahali pamoja tu, pajani.

"Nani alimleta?"

Mama yao, Nyamizi, akawahi kujibu. "Ni huyu mwanangu mkubwa, daktari. Alimfunga mgongoni kwake kwa kitenge, kama mtoto, akapiga baiskeli kutoka Nkoma mpaka hapa. Bila yeye tungeshazika."

Sista Felisita akamtazama Mahona kwa heshima. Mahona alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Sikilizeni vizuri," daktari alisema. "Nina vyuma vya mgonjwa mmoja tu. Kuna huyu, na kuna mama mmoja kutoka Nassa aliyeangukiwa na ukuta. Kama miguu ilisogea baada ya ajali, ikafa baadaye, basi uti wa mgongo umebanwa. Nikifungua mgongo na kuushikiza mfupa, kuna matumaini. Kama ilikufa palepale, vyuma havitamsimamisha. Salvatory, ulipoanguka, mguu ulisogea?"

Salvatory akamtazama mama yake, kisha kaka yake. "Hapana. Tangu nianguke, hapana."

"Na wewe uliona hivyo?"

Mahona akajibu, "Ndivyo."

Karani Machibya akaandika HAPANA kwenye fomu, na daktari akaenda zake kwa mama wa Nassa.

Ulikuwa uongo, na ndugu wote wawili walijua. Salvatory alikuwa kibarua wa kupakia pamba. Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu makampuni binafsi yaruhusiwe kununua, na malori yao yalikuwa yakifukuzana vijijini kama kuku wanaogombea mtama. Lori likajazwa kupita kiasi, gunia likateleza, Salvatory akaja nalo chini, mgongo juu ya ubao wa mizani. Mahona alikuwa kwenye foleni na pamba yake, akafika wa kwanza. Alikuta sungusungu, wale chungu weusi, wamemng'ata mdogo wake kidole cha mguu, na Salvatory akavuta mguu, akatukana. Aliona kwa macho yake mawili.

Dereva alikataa kumbeba. "Mzigo huu ukichelewa kiwandani, mimi kazi sina," alisema, akawasha injini. Wanaume wanne wakaleta kitanda cha kamba, wamlaze wambebe hivyo hivyo. Aliyekataa ni Mahona. Njia ilipita mbele ya nyumba ya mama yao, mayu wao, na kwao mtu anayepita amelazwa, amebebwa na watu wanne, huyo ni maiti.

"Mayu ataanza kulia," aliwaambia. "Mkalisheni kwenye baiskeli. Apite ameketi."

Akapita ameketi. Mama alisimama mlangoni, akamwona, hakulia. Walipokaribia Bariadi ndipo Mahona alipogeuka na kuona katambuga ya Salvatory, kile kiatu chake cha tairi, haipo, vidole vinaburuzwa kwenye changarawe, vimechunika mpaka nyama, na mwenyewe hana habari.

Daktari alipokwisha kuondoka, na mama akatoka kwenda kuchukua uji, Mahona akainama kitandani. "Kwa nini umesema vile?"

"Acha, kaka. Mayu akijua ni baiskeli iliyoniua miguu, atakulaumu mpaka anaingia kaburini."

Mahona aliona aibu kwamba amefarijika. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa anaficha maradhi ya mwenzake. Saa ya kugeuza ilipofika, bendeji ikagusa mkono wake. Akamrudisha Salvatory taratibu kitandani, akasimama.

"Unakwenda wapi?" mama yake aliuliza.

"Kwa daktari. Twende, mayu. Na wewe usikie."

Alisimulia yote kwenye korido, mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji: sungusungu, kitanda cha kamba, katambuga. Hakumtazama mama yake. Daktari alikuwa anavua glovu.

"Ungesema asubuhi," alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Vyuma viko mgongoni kwa yule mama."

"Na hospitali kubwa?"

"Hata huko, vile ndivyo vilikuwa vya mwisho. Siku hizi mwenye uwezo anajiagizia Nairobi."

Machibya aliletewa fomu airekebishe. Akakata HAPANA, akaandika NDIYO. "Sababu ya hali kuzidi?"

"Andika, kaka yake alimkalisha kwenye baiskeli."

Machibya akaandika, akasogeza kidau cha wino. "Weka dole gumba."

"Andika pia kwamba lori lilikuwepo. Lilikuwa zima, likaondoka na pamba."

"Mambo ya lori hayana nafasi kwenye fomu."

"Andika pembeni."

"Mzee, nina foleni hapa."

Mahona akaweka mikono yake nyuma. Alikaa hivyo mpaka Machibya akasonya, akageuza karatasi ubavu na kuandika pembeni kwa herufi ndogo. Mahona akamwomba amsomee. Akasomewa. Ndipo akaweka dole.

Wodini Salvatory alikuwa bado anatazama dari. Mahona akashika mabega. Mama yake akazunguka upande wa pili, akashika nyonga, na kwa mara ya kwanza tangu watoke koridoni akamtazama.

"Ningelia tu, Mahona," alisema. "Ningelia, halafu ningenyamaza."

Mahona akahesabu moja, mbili, tatu, wakamgeuza.