Vitabu Vinamsubiri Mgeni Rasmi

Mimi nina duka la madaftari na vitabu pale Makambako, na Waislamu wenzangu walinicheka waliposikia napeleka zawadi za Krismasi kwa yatima wa shule moja upande wa Kichiwa. "Zamda, umebatizwa lini?" Niliwaambia waniache. Yatima ni yatima. Kina mama wa kanisa walichanga, mimi nikawauzia kwa bei ya hasara, na vitabu vyote vya darasa la tano nilivyokuwa navyo vikaingia kwenye maboksi. Fungu moja nililitoa mwenyewe na kulifunga kwa kamba kwa mkono wangu: hesabu, Kiswahili na Kiingereza. Hilo lilikuwa la Elina.

Elina alikuwa mtoto wa marehemu Fidelia, rafiki yangu. Tuliuza naye viazi sokoni kabla serikali haijaruhusu biashara huria na mimi kupata duka. Fidelia alipofariki, kaka yake Polikarpo alitoka Mawengi, huko Ludewa, kuja kumchukua mtoto. Si mtu mbaya. Ana watoto wake wengi, na tangu shule zianze kumdai mzazi kila kitu, alikuwa amechoka. Aliniambia waziwazi. "Dada, akija na vitabu vyake, Januari anaingia darasani na wenzake. Asipokuwa navyo, mimi sina cha kumnunulia. Atabaki nyumbani kulea."

Nikamwambia hilo tu? Hesabu kwamba limekwisha.

Mkesha wa Krismasi tulifika shuleni asubuhi, mvua inanyesha. Mwalimu mkuu, Mwalimu Lenard, alipokea maboksi, akayaingiza ofisini, akafunga mlango kwa kufuli. Nikamuuliza mbona hatugawi. Akanishangaa.

"Mama Mudy," akaniita kwa jina la mwanangu, "mgeni rasmi hajafika."

Jamani, mnayajua mambo yetu. Kitu kikishatafutiwa mgeni rasmi, hakuna mkono mwingine wa kukigusa. Hata bomba la maji litakaa limefungwa, watu wana kiu, mpaka aje wa kulizindua. Watoto walipangwa mistari. Kwaya ikaimba, ikalowa, ikaingia darasani, ikatoka tena kila mara mtu aliposema ameona gari. Mgeni mwenyewe alikuwa bado Njombe kwenye kikao.

Huku nyuma lori la kwenda Ludewa lilikuwa limesimama barabarani, Polikarpo keshapakia mizigo, dereva anapiga honi. Nikarudi kwa Mwalimu.

"Mwalimu, mtoto anaondoka. Nipe fungu moja tu. Nililileta mimi."

"Mama Mudy, nakuelewa kabisa." Alinihurumia kweli, na huruma yake ndiyo iliyonikera. "Lakini vimeshapokelewa. Risala imeandikwa na idadi imetajwa. Vikipungua nitajibu nini?"

"Jibu kwamba umempa yatima."

"Na wale pale nje si yatima? Wanasubiri."

Nikamfuata Mama Dorkasi, mwenyekiti wa kina mama, maana ndiye aliyemwalika mgeni. Akajikunyata ndani ya kitenge chake. "Zamda, tukimvunjia heshima, mwakani nani atatusikiliza?" Nilitukana. Ndiyo, nilitukana, uwanjani pa shule, mkesha wa sikukuu ya watu. Haikusaidia kitu.

Elina alikuwa amekaa juu ya magunia, miguu imelowa. "Kamwene, mama mdogo," akaniamkia. "Vimepatikana?"

Nilimgeukia mjomba wake, nikaapa kwa Mungu kwamba nitavituma. Polikarpo alinitazama bila hasira.

"Dada, mvua ikikolea, barabara ya kwetu haipitiki. Mpaka vifike, wenzake watakuwa mbali. Na mke wangu ameshapanga mambo yake. Mtoto akifika mikono mitupu, kazi inamsubiri."

Lori likaondoka. Elina akanipungia mkono, na mimi wangu ukashindwa kuinuka.

Mgeni rasmi alifika jioni. Mtu mpole, akaomba radhi kwa kila mmoja wetu. Mwalimu akafungua ofisi, majina yakaanza kuitwa. Mtoto anasogea, anapiga goti, anapokea kwa mikono miwili, picha inapigwa. Likaitwa jina la Elina. Likaitwa tena. Nikasema kwa sauti kwamba ameondoka, mlikuwa mnamwona akiondoka. Mwalimu akainamisha kichwa kidogo, mpiga picha akasema mwanga unakwisha. Basi wakamshika bega msichana mmoja aliyekwisha kupokea fungu lake, wakamwambia asimame kwa niaba ya mwenzake. Akapiga goti mara ya pili, akapokea fungu lile nililolifunga mimi, akatabasamu alivyoelekezwa.

Watu wakapiga makofi. Mgeni rasmi akanigeukia, ameshaambiwa kwamba mfadhili mwenyewe ndiye huyu, akawa ananingoja kwa uso wa furaha. Kina mama wote wananitazama, watoto wananitazama, lori liko mbali huko.

Nikapiga makofi na mimi.