Milimita Sita

Asubuhi ile niliosha mikono mpaka muuguzi wangu akauliza kama mgonjwa wa saa nne ni mheshimiwa fulani. Nikamwambia ni baba yangu, fundi seremala, na kwamba mheshimiwa nisingemwogopa kiasi hicho.

Miezi mitatu nyuma nilikuwa nimempandikizia baba skrubu kwenye taya la chini, pale gego lilipong'oka, ili ije ibebe jino bandia. Tulibishana wiki nzima kabla ya hapo. Yeye alitaka ya milimita kumi na mbili, maana kwa seremala msumari mfupi ni matusi: leo umepiga, kesho mlango unamwangukia mtu. Nikamweleza kuwa mfupa wake umelika, zimebaki milimita nane tu, na chini yake unapita mshipa wa fahamu. Ukiumizwa huo, mdomo wa chini unaweza kufa ganzi usipone tena. Na baba hufanya kazi na misumari midomoni, anaichomoa mmoja mmoja bila kutazama. Skrubu ya milimita sita ingemfaa. Tafiti zinasema miaka ya mwanzo fupi na ndefu hazipishani sana, ingawa habari za miaka ya mbele hakuna wa kuziapia. Au tuongeze mfupa kwanza, tusubiri nusu mwaka. Kusubiri hakutaka hata kusikia. Alisema mimi nishughulike na meno, habari za misumari nimwachie mwenyewe.

Nikaweka ya milimita sita. Nilipomaliza, shavu limejaa pamba, alinyoosha kidole kuniuliza kama ni ile ndefu. Nikaitikia kwa kichwa. Uongo wa kichwa nao ni uongo, najua.

Tangu hapo sikuwa na raha. Simu yake ikiita, moyo paa, nikijua skrubu imelegea. Akitafuna upande ule mezani, mimi ndiye niliyeacha kula. Mume wangu alinisihi nimwambie mzee ukweli yaishe. Nikamjibu nitamwambia skrubu ikishashika kwenye mfupa, na moyoni nikijua kwamba ikishashika hakuna atakayeuliza.

Baba aliingia na penseli yake sikioni, akakaa, akanitania kuwa kiti changu kinalia, fundi gani huyu. Sikucheka. Nilifunga kwenye skrubu kifaa cha kupimia uimara, nikasoma namba, nikapima tena. Imeshika. Nikaijaribu kwa spana ndogo, haikucheza hata chembe. Nikageukia sinki kuosha mikono iliyokuwa safi.

Nilipogeuka nilimkuta anatazama picha ya eksirei kwenye kompyuta. Nilisahau kuifunga. Huyu ni mtu aliyekata mbao miaka arobaini, na futi huitoa ili kuwaridhisha wateja tu. Akalinganisha ile skrubu na jino la jirani.

"Hiyo ni sita," akasema.

"Ni sita, baba."

"Nilijua siku ile ile. Ganzi ilipoisha nilikwenda karakana nikashika misumari mdomoni. Nikaihesabu kwa mdomo, yote minane. Nikasema mdomo uko hai, huyu hakuweka ndefu."

Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza miezi yote hiyo.

"Nilikuwa nakusubiri wewe," akasema. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Sasa niambie, mwanangu. Ingelegea, ungeniambia?"

Muuguzi ghafla akaona pamba zinahitaji kupangwa upya. Miezi mitatu nilikuwa nikijiambia kwamba ningemwambia, bila shaka ningemwambia, mimi ni daktari. Aibu ilinichoma mpaka machoni.

"Sijui, baba."

Kisha akachomoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha. Akasema kwenye kadi yake niandike sita, tena kwa wino. Nikaandika, akasoma mwenyewe. Halafu akajilaza kitini na kufumbua kinywa.