Mchekeshaji Aliyehamisha Pua

Jumamosi moja ya Februari 1991, saa kumi alasiri, Léonce Ntakirutimana alipanda juu ya kreti za bia katika ua wa nyuma wa baa moja ya Nyamirambo, mjini Kigali, akajifuta jasho, akangoja mchoma mishikaki amalize kupepea makaa. Kisha akatoa kitambulisho chake mfukoni na kukiinua juu.

"Karani wa ofisi ya komini alikuwa na majina manne hapa," akasema. "Mhutu, Mtutsi, Mtwa, na mgeni aliyepewa uraia. Kazi yake ni kufuta matatu, abakize moja. Akamtazama mama yangu, akanitazama mimi, akayafuta yote manne. Kwa hiyo kiserikali mimi bado sijazaliwa. Na mtu ambaye hajazaliwa hanunui bia. Ananunuliwa."

Watu walicheka hadi meza zikasogea. Walipomaliza kujifuta machozi, pua zao zilikuwa zimehama. Mwalimu wa shule ya msingi alikuwa na pua ya muuza nyama, muuza nyama alikuwa na pua ya mke wa fundi saa, na fundi saa alikuwa na pua ya mtu ambaye alishaondoka kwenda msikitini. Mwalimu alipenga kamasi kuijaribu, akaona inafanya kazi, akaagiza mshikaki mwingine. Alipofika nyumbani mkewe alimuuliza kama ametoka kwa Léonce. Baadaye alilalamika tu kwamba pua hiyo inakoroma kuliko ile ya zamani.

Tangu siku hiyo ikawa hivyo kila Jumamosi. Waliotabasamu tu walirudi na pua zao. Waliocheka kwa dhati walirudi na za wenzao. Mke wa fundi saa alijaribu pua nyingi kabla ya kuridhika na moja, kisha akaacha kuhudhuria.

Léonce mwenyewe hakubadilika. Hakuwahi kucheka jukwaani, wala pengine popote. Baba yake alikuwa Mgiriki aliyeuza cherehani na baiskeli, akaondoka nchini kabla mtoto hajaota meno. Alimwachia mama yake, Cécile, cherehani moja mbovu, na akamwachia mtoto pua ndefu yenye kifundo katikati. Shuleni watoto walimwita muzungu wa mihogo. Akajifunza kuwachekesha kabla hawajaanza kumcheka, na kazi hiyo ilimshughulisha kiasi kwamba hakupata nafasi ya kucheka yeye.

Baadaye Cécile aliolewa na mwalimu wa kilimo, Mhutu kutoka kaskazini, wakamzaa Alida. Alida alisomea uuguzi na kupata kazi Ndera, hospitali ya wagonjwa wa akili. Kitambulisho chake kilimwita Mhutu kama baba yake, lakini pua yake ilikuwa ya mama yake, Mtutsi, nyembamba na iliyonyooka, na tangu vita na waasi wa Kitutsi vilipoanza mwaka 1990 pua hiyo ilimletea taabu. Kwenye bariyeri, kizuizi cha askari katika barabara ya kwenda kazini, Sajini Muhire aliwatazama watu usoni kwanza, karatasi baadaye. Alida alipomwonyesha kitambulisho, sajini alikirudisha bila kukifungua.

"Karatasi inaghushiwa," alimwambia kwa upole. "Pua haighushiwi. Kaa pale chini."

Alida alikaa chini pamoja na wengine wenye pua kama yake, kwenye vumbi, mpaka sajini alipojisikia kuwaachia. Mara nyingine ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Wagonjwa wake walimngoja dirishani, na mmoja wao, aliyejiita waziri wa barabara, alimwomba radhi kila siku kwa niaba ya serikali.

Kwa hiyo Alida naye alikwenda baa Jumamosi, akakaa meza ya mbele kabisa. Watu wote ua mzima walicheka. Yeye hakucheka. Utani wote wa Léonce alikuwa ameusikia jikoni tangu utotoni; mwingine alikuwa amemtungia yeye. Alirudi tena wiki iliyofuata, na iliyofuata, akajilazimisha hata kupiga makofi. Pua ilibaki pale pale.

Televisheni ilipoanza Kigali, mkurugenzi wa vipindi, mtu nadhifu aliyeitwa Jean-Berchmans, alimtafuta Léonce na kumpa saa moja kila Jumapili mchana. Zilikuwa nyumba chache zenye seti, lakini kila seti ilitazamwa na mtaa mzima, wengine wakiwa wamesimama nje ya dirisha. Léonce aliwaalika wageni, akawahoji, akawatania, na pua zikaanza kuhama kupitia hewani. Pua ya padri wa Kicukiro ilionekana Gikondo kwa muuza mkaa. Watoto wa Kimihurura, mtaa wa wakubwa, walikwenda shule na pua za watunza bustani. Watu walizoea kubisha hodi na kujitaja jina kwanza, ndipo wanyanyue uso.

Matatizo yalitokea bariyeri. Sajini Muhire alifuata pua kama alivyoagizwa, akajikuta amewakalisha vumbini wapwa wa kanali, na amempungia mkono apite mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimtafuta kwa jina. Kisha akamkalisha mkubwa mmoja wa Kimihurura, aliyekuwa ametazama kipindi sebuleni pamoja na mpishi wake. Mkubwa huyo alikaa chini alasiri nzima akiwa na pua nyembamba ya mpishi, suti yake ikiwa nyekundu kwa vumbi, kati ya muuza maziwa na mama mwenye mtoto mgongoni. Alipoachiwa alipeleka malalamiko. Hakulalamika kwamba watu wanakalishwa chini. Alilalamika kwamba alikalishwa yeye.

Jean-Berchmans alimwita Léonce ofisini, akamkaribisha chai.

"Kipindi chako ni kizuri sana, bwana," akasema. "Wakubwa wanakipenda. Endelea kuchekesha. Ila watu wasicheke."

Léonce aliuliza atafanyaje. Mkurugenzi alikiri kwamba yeye si mtaalamu wa mambo hayo, lakini alimwamini. Wakamweka fundi studio, kazi yake kubonyeza kitufe na kuonyesha picha ya maporomoko ya maji ya Rusumo kila dalili ya kicheko ilipojitokeza. Kwa miezi mingi Kigali iliyatazama sana maporomoko. Léonce alisoma salamu za watazamaji, bei ya maharagwe, na visa ambavyo alivikata kabla ya mwisho. Mwishoni mwa mwaka alipewa tuzo ya mchekeshaji mwenye nidhamu.

Alida aliendelea kupita bariyeri, kwa sababu pua yake haikuwa imekwenda popote. Siku moja mwaka 1993 alikataa kukaa chini, akisema mvua imenyesha na sare yake ni nyeupe. Askari mmoja alimpiga kitako cha bunduki begani. Alifika kazini, akawagawia wagonjwa dawa kwa mkono wa kushoto, kisha akarudi nyumbani kwa mama yake na kulala akitazama ukuta.

Jumapili, baada ya misa na kabla ya kipindi, Léonce alimkuta ameketi jikoni, mkono ukiwa umefungwa kwa kanga ya mama, akichambua maharagwe kwa mkono mmoja. Cécile alikuwa akimenya ndizi. Léonce alianza na utani wa karani.

"Huo naujua, kaka," Alida akasema.

Akajaribu wa Mgiriki na baiskeli. Akajaribu wa askofu na mbuzi, ambao hakuwahi kuusema mbele ya mama. Cécile alitikisika mabega kidogo. Alida alitupa kokoto nje na kuendelea. Léonce alisimulia kila alichokuwa nacho, hadi akaishiwa. Akavuta kigoda, akakaa, akachukua konzi ya maharagwe amsaidie. Kwa kuwa hakuwa na jambo jingine, alimweleza kazi yake ilivyo siku hizi: kwamba analipwa kuchekesha watu wasicheke, kwamba kuna mtu mzima mwenye mke na watoto anayeshinda na kidole juu ya maporomoko, na kwamba amepewa tuzo, na tuzo yenyewe ni kioo cha kunyolea ndevu.

Hakuwa akitania. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

Alida aliinua kichwa. "Kioo," alisema. "Wewe, ambaye pua yako haijahama hata siku moja, kioo cha nini?"

Akaanza kucheka. Alicheka akilishika bega kwa maumivu, na Léonce alipomwona anacheka na kuugulia pamoja, naye akacheka, mara ya kwanza maishani, vibaya, kwa sauti kama ya mlango usiotiwa mafuta. Maharagwe yalimwagika. Walipotulia, Alida alikuwa na pua ndefu yenye kifundo, na Léonce alikuwa na pua nyembamba ya mama yao.

Cécile aliwatazama wote wawili, kisu mkononi.

"Alida, umekuwa kama Mgiriki," akasema. "Alikuwa na maringo. Angalia usiyarithi." Kisha akawaomba waokote maharagwe.

Tangu Jumatatu Alida alipita bariyeri bila kusimamishwa. Sajini Muhire alimpigia saluti na kumwita madamu. Waziri wa barabara alisema hatimaye barua zake zimejibiwa.

Upande wa Léonce, Jean-Berchmans alimweleza kwa masikitiko kwamba watazamaji hawamtambui, na kwamba uso kama huo kwa wakati kama huu ungeleta maswali. Kipindi kikafungwa, maporomoko yakapewa saa nzima. Léonce alitoka ofisini, akapanda pikipiki ya kukodi kwenda kumchukua dada yake kazini, na kwenye bariyeri akashushwa.

"Mimi ni Léonce, afande," akasema.

Sajini alimsogelea, akasikiliza. "Sauti ni ya Léonce," akakubali. "Pua si yake. Kaa chini."

Léonce akakaa. Kulikuwa na watu wengi siku hiyo, safu mbili kando ya mtaro. Jua lilikuwa kali na askari walikuwa wamechoka. Baada ya muda sajini alirudi, akasema kama ni Léonce kweli, basi aseme kitu.

Léonce alifikiri, kisha akawasimulia habari za kidole cha fundi na maporomoko, kama alivyomwambia dada yake, pamoja na kioo cha kunyolea. Safu ya kwanza ilicheka kwa woga, ya pili ikacheka kweli, kisha askari, na mwishoni sajini, akiegemea pipa. Pua zikahama pande zote. Walipotulia, askari watatu walikuwa na pua za waliokaa chini, na mzee mmoja wa Batsinda alikuwa na pua ya sajini. Sajini alikuwa na pua nyembamba kuliko zote.

Askari wake walimtazama. Mmoja, kijana mtiifu, alinyoosha mkono kuonyesha mahali palipokuwa wazi kwenye safu.

Sajini alikwenda kwenye kioo cha pikipiki, akajiangalia mbele na ubavuni. Aliigusa pua, akapumua nayo. Halafu akawaamuru watu wote wasimame na kupanga mstari upya, akatangaza kwamba kuanzia leo hawaangalii pua tena. Watu walianza kujipangusa vumbi. Sajini akachukua kiti, akakaa kichwani mwa mstari, na kumuuliza wa kwanza jina la babu yake na kilima alikozaliwa.

Zamu ya Léonce ilipofika, alisema babu upande wa baba hamjui. Akaulizwa wa upande wa mama. Huyo alimjua, akamtaja, pamoja na kilima chake.

"Kaa chini," sajini akasema.

Alida alifika saa kumi na moja, akitoka kazini. Askari walimpigia saluti na kuinua mti wa bariyeri. Alipita, akasimama, akageuka. Akarudi hadi mtaroni, akakunja sketi yake nyeupe, akakaa vumbini kando ya kaka yake. Askari mmoja alimwambia, kwa adabu, kwamba hapo si mahali pa muzungu. Alida alimjibu kwamba anajua.

Sajini aliwatazama kidogo, akajikuna pua ya mtu mwingine, kisha akamwita aliyefuata.

"Babu yako alikuwa nani?"